Hedifoni za waya au wayalesi kwenye ditekta ya dhahabu: chukua kulingana na mashine uliyonayo

Wakuu, swali la hedifoni linakuja kila mtu anapopata mashine mpya. Ameshauliza kina, ameshauliza koili, ile sahani ya chini inayopitishwa juu ya udongo, sasa anataka kujua abaki na hedifoni za waya zilizokuja kwenye boksi au aongeze hela achukue wayalesi. Na majibu anayopewa mengi ni ya kishabiki, huyu anasema waya ni mambo ya kizamani, yule anasema wayalesi zinameza milio, wote wawili wanaongea kama vile mashine zote ni moja. Si moja hata kidogo.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiye na muda asihangaike kusoma yote. Kama mashine yako ina redio yake ya kiwandani kwa ajili ya hedifoni, tumia hiyo maisha yaendelee. Kama haina, hedifoni nzuri ya waya inaigaragaza Bluetooth ya bei chee bila mjadala. Na zile za kuchomeka masikioni unazosikilizia muziki kwenye simu ziache ziendelee na muziki wake. Katikati hapo kuna njia nyingine, ya transmita ya kununua pembeni, kile kifaa kidogo cha kurushia sauti kwenda kwenye hedifoni, inafanya kazi vizuri tu ila ina masharti, na hapo ndo hela za watu wengi zinapopotelea.

Naongelea ditekta za dhahabu kwa sababu ndizo zilizojaa huku kwetu, Chunya, Kahama, Geita, Mpanda, na majirani zetu wa Migori na Karamoja. Na ni dhahabu ya punje ninayoongelea, ile ya juu juu iliyotawanyika kwenye udongo kama ya Lupa kule Chunya ambako watu wanaihangaikia tangu miaka ya 1920. Kama dhahabu yako ni ya unga iliyojifungia ndani ya mwamba, ile ambayo huioni mpaka mawe yasagwe, basi hata uvae hedifoni zilizotengenezwa kwa dhahabu yenyewe hamna kitu, koili haisikii vumbi.

Unasikiliza nini hasa

Aliyezoea ditekta za kutafuta sarafu ufukweni amezoea mashine inakaa kimya mpaka ikute kitu, afu inapiga tiii. Mashine za dhahabu, hasa hizi za palsi, zinazorusha nguvu kwa mapigo mapigo, kama GPX 5000 ya kampuni ya Minelab, haziendi hivyo. Zina mlio wa chini unaosikika muda wote, mwembamba, kama mbu aliyeko chumba cha pili, kwenye menyu umeandikwa Threshold na hapa ntauita thresholdi. Kazi yako nzima ya siku ni kusikiliza huo mlio ukibadilika. Punje kubwa iliyozama haipigi kelele, inachofanya ni kuuinua mlio kidogo, taratibu, kisha unarudi ulipokuwa, na kama ulikuwa unaongea na mtu umeshaikosa. Punje ndogo iliyo juu juu kwa seting za kawaida za GPX mlio unaanza juu unashuka, kubwa au ya chini zaidi unaanza chini unapanda. Tofauti zenyewe ndogo mno, upepo tu ukivuma kwenye sikio unazifuta.

Kwa hiyo hedifoni ya kazi hii inatakiwa itoe thresholdi bila kuukatakata, isichelewe, na ikuzibie upepo. Mambo ya waya au wayalesi yanakuja baada ya hapo.

Kuhusu kukatakata, hili watu hawalisemi kabisa. Baadhi ya transmita na hedifoni za Bluetooth zimetengenezwa zikifikiria muziki na TV, zikiona sauti imekuwa ndogo sana kwa muda zinajua hakuna kinachopigwa, zinafunga sauti ili kubana betri. Kwa muziki sawa, hutajua hata kama imetokea. Kwa thresholdi ni balaa, unatembea kwenye ukimya ukidhani ardhi imetulia, na ule muinuko mdogo ukija kipande chake cha mwanzo kimeshaliwa wakati kifaa ndo kinaamka. Nyingine hazifungi ila zina "shhhh" yake ya ndani inayokaa palepale ambapo thresholdi ilipaswa kukaa, so unalazimika kupandisha sauti juu zaidi ili uisikie, na siku koili ikipita juu ya jembe la mtu unapigwa kelele ya kupasua kichwa.

Sauti kuchelewa, hesabu yake ni rahisi

Bluetooth ya kawaida, ile ya kodeki (njia ya kubana sauti ili irushwe) ya SBC ambayo karibu kila kifaa kinayo, inachelewesha sauti kama milisekunde 150 hadi 250 hivi kutegemea na kifaa. aptX Low Latency, kodeki nyingine iliyotengenezwa isichelewe, iko kwenye 40. Wi-Stream, redio ya Minelab wenyewe kwenye mashine yao ya Equinox, wanaitaja kuwa chini ya 17, na Z-Lynk, redio ya kampuni ya Garrett, ni 17. Waya kwa matumizi yetu hesabu sifuri.

Sasa ukipeperusha koili kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, kila milisekunde 10 ni sentimita 1. Basi ukiwa na Bluetooth ya milisekunde 200, unapousikia mlio koili imeshaipita punje kwa sentimita 20. Ukirudisha koili upande wa pili unausikia tena umezidi sentimita 20 za huko. Una milio miwili iliyoachana sentimita 40 na mali iko katikati. Kwa aptX Low Latency ni sentimita 4 kila upande, kwa hizo za 17 hata sentimita 2 hazifiki. Najua mtu wa dhahabu hapeperushi kwa kasi hiyo, anaenda kama nusu yake, sawa gawa kwa mbili, bado ile ya kwanza inakupa sentimita 10 za uongo kila upande.

Mtu atasema si nachukua katikati tu. Kwenye uwanja mtupu wenye kitu kimoja, ndio. Nenda sasa kwenye mialo ya zamani, kule watu walikokuwa wanasaga na kuosha mawe, au kambi iliyohamwa, misumari, vizibo vya soda, vipande vya waya, betri za tochi, vyuma vilivyomeguka kwenye masururu ya watu waliochimba kabla yako. Hapo milio ya vitu viwili vilivyo jirani inapishana, mlio wa kushoto unaanguka juu ya kitu cha kulia, na wewe unachimba pasipo na kitu. Alafu kuna ile hatua ya mwisho ya kubana eneo, unatikisa koili fupifupi haraka juu ya sehemu moja ili ujue uanzie wapi kuchimba, kwa Bluetooth ya kawaida hiyo haiwezekani kabisa, sauti inafika wakati koili imeshageuka. Matokeo yake unachimba shimo la upana mara mbili kwenye udongo mkavu wa Septemba, na anayechimba ni wewe au kijana unayemlipa.

Ndo maana nasema zile za kwenye masikio za simu, hata ziwe za bei mbaya kiasi gani, si za kazi hii. Bei yake imelipia muziki na simu, haijalipia milisekunde.

Za waya

Hedifoni za waya zinazokuja na mashine nyingi za dhahabu za Minelab ni Koss UR30. Watu wanaziponda kwa sababu zinaonekana plastiki plastiki, ila kwa kazi zinatosha. Zina ukinzani wa omu 100, za simu nyingi ni 16 hadi 32, na hiyo inasaidia kwenye kurekebisha sauti kwa sababu ukigusa kitufe kidogo hairuki kutoka kimya mpaka kelele. Zinafunika sikio lote, ambayo ni raha upepo ukivuma na ni mateso saa 7 mchana. Jasho, vumbi, yale mapedi yanaanza kumeguka vipande vipande unabaki na weusi masikioni kama umetoka kwenye tanuru. Mapedi yanabadilishwa, usitupe hedifoni.

Faida kubwa ya waya ni kwamba hakuna cha kuchaji. Ukiwa kambini na umeme wenu ni paneli moja ya sola inayogombewa na simu za watu kumi, betri ya mashine yenyewe inaweza ikakosa foleni, sembuse hedifoni. Na waya haichelewi, haipotezi pacha wake, haihitaji kuwashwa.

Ubaya wake kila mtu anaujua, unanasa. Kwenye miombo na vichaka vya miiba waya unashikwa, unavutwa, mwisho unakatikia kwa ndani pale karibu na pini, sauti inaanza kukatika ukigeuza shingo. Mbaya ni kwamba inakatika kidogo kidogo, unaweza ukapiga nusu siku na sikio moja linapokea nusu. Fundi redio yeyote analiunga hilo kwa bei ya soda mbili tatu, ila uwe na jozi ya pili kwenye begi.

Na kuna usumbufu wa kuchimba. Umepata mlio, unalaza mashine, unageuka kuchukua sururu, waya unakuvuta kichwa. Unavua hedifoni, unachimba, unavaa, unapima shimo, unavua, unachimba. Hapa ndipo watu wanapoiona thamani ya wayalesi, na wako sahihi, ila ngoja kwanza.

Kwenye GPX 5000 na ndugu zake wa mfumo huo, betri unaibeba mgongoni, na kuna ile kebo ya kujikunja inayotoka kwenye betri kwenda kwenye mashine. Hedifoni yenyewe unaichomeka kwenye betri, mgongoni kwako, haigusani na mashine. Kwa hiyo hata ukivaa wayalesi bado umefungwa kwenye mashine kwa kebo ya betri, ile ya kukuvuta iko palepale, ulichoondoa ni kakipande ka waya kutoka mgongoni hadi sikioni. Mtu wa GPX 5000 anayetoa hela ndefu kununua wayalesi "ili awe huru kuchimba" hajanunua uhuru wowote. Amenunua kuchaji kitu kingine jioni.

Wayalesi ya kiwandani

Kwenye mashine ambazo betri iko kwenye mashine yenyewe hadithi inabadilika.

GPZ 7000 ilitoka 2015 na ina kijisanduku kinaitwa WM12, unakibana kwenye mkanda wa kifuani au begani, kinapokea sauti kutoka kwenye mashine kwa redio ya 2.4 GHz ya Minelab wenyewe, ile Wi-Stream, sio Bluetooth. Hedifoni zako za waya unazichomeka kwenye hicho kijisanduku. Yaani waya bado upo ila ni wa kutoka begani hadi sikioni, na mashine ya kilo 3.32 ukiilaza chini umeachana nayo. Kizuri zaidi, WM12 ina spika yake ndogo, wengine hawavai hedifoni kabisa, wanaibana juu begani karibu na sikio, sauti inafika na masikio yako wazi kwa ajili ya pikipiki na nyoka. Siku ya upepo haitoshi, siku tulivu ni raha sana.

GPX 6000 ya 2021 wao walienda Bluetooth, aptX Low Latency, na hedifoni zake za ML100 zinakuja kwenye boksi. Mashine kilo 2.1, betri iko juu yake, hakuna cha kukufunga. Ina tundu la waya pia, ya milimita 3.5, kwa hiyo ukiishiwa chaji kazi haisimami. Garrett Axiom ya 2022 ina Z-Lynk ndani na inatumia hedifoni za MS-3. Equinox 800 ya 2018, ambayo sio ya dhahabu pekee ila ina modi ya dhahabu na wengi wanayo, ilikuja na vyote viwili, hedifoni za Bluetooth za ML80 na kijisanduku cha WM08 cha Wi-Stream ambacho kina kasi zaidi ila hakina spika.

Kati ya hizi ipi bora kwa sikio? Redio za kampuni, Wi-Stream na Z-Lynk, zina kasi kuliko aptX, hilo halina ubishi kwenye karatasi. Uwanjani kwa dhahabu, kwa mwendo wa polepole tunaoenda nao, tofauti kati ya 17 na 40 ni kitu kama sentimita 1 hivi, na mimi siwezi kumwambia mtu auze GPX 6000 yake kwa sababu ya sentimita 1. Kwa anayetafuta sarafu kwenye takataka nyingi akipeperusha kwa kasi, hapo ningejali. Ninachojali zaidi kwenye Bluetooth ya kiwandani ni siku ML100 au ML80 yako itakapovunjika. Utaenda dukani utachukua hedifoni yoyote ya Bluetooth, itaungana vizuri, itaimba vizuri, na hutajua kwamba imeshuka kwenye SBC kwa sababu yenyewe haina aptX Low Latency. Lazima pande zote mbili ziwe nayo, mashine na hedifoni, upande mmoja ukikosa zinakubaliana kwenye kile cha chini wanachojua wote. Na siku hizi imekuwa ngumu zaidi kwa sababu hedifoni mpya zinakuja na aptX Adaptive, jina linafanana ila sio kitu kimoja, hiyo Adaptive haiongei na Low Latency, inarudi kwenye aptX ya kawaida. Muuzaji akikwambia "ni aptX hii mzee, ni zilezile" muombe akuonyeshe neno Low Latency kwenye boksi.

Lingine dogo kwa wanaonunua mashine za mkononi: GPX 5000 halisi haina Bluetooth ndani. Mtu akikuuzia "GPX 5000 toleo jipya yenye Bluetooth" basi hapo husumbuki tena na hedifoni, mashine yenyewe ni feki. Minelab wenyewe wameshaonya sana kuhusu nakala bandia za hizo mashine, na Afrika ndo soko lake kubwa.

Transmita ya pembeni

Hii ni kwa mwenye mashine isiyo na redio, mfano Gold Monster 1000 au SDC 2300, anayetaka kuachana na waya. Unanunua katransmita kadogo, unakachomeka kwenye tundu la hedifoni, na hedifoni ya kupokea. Ikiwa ni seti moja, transmita na hedifoni kutoka kampuni moja na wameandika Low Latency au wametumia 2.4 GHz yao, kwa kawaida haina shida. Ukiokoteza transmita huku na hedifoni kule ndo yanaanza yale ya SBC.

Tundu zenyewe zinatofautiana, kuna mashine za 6.35 na za 3.5, na mashine za Garrett za familia ya AT zina pini yao kabisa. Adapta zipo, ila angalia mono na stereo, mashine nyingi zinatoa sauti ya mono na ukichomeka adapta ya kuunganisha tu unapata sauti sikio moja. Watu wanafikiri hedifoni imekufa, wanairudisha dukani, wanapewa nyingine, nayo hivyohivyo. Unahitaji adapta ya mono kwenda stereo, kitu cha bei ndogo kabisa.

Kikubwa ni mahali unapoiweka. Transmita ni redio, na ditekta ya palsi inasikiliza vitu vidogo kuliko unavyodhani. Ukiibana kwenye fimbo karibu na koili, thresholdi inaanza kuyumba, unadhani ardhi ni mbovu, unashusha usikivu wa mashine, umepoteza kina kwa sababu ya kitu cha kukurahisishia waya. Iweke juu, mbali na koili kadiri inavyowezekana, kwenye GPX 4500 na 5000 iwe mgongoni kwenye betri. Kuipima ni rahisi, simama usisogeze koili, sikiliza thresholdi ukiwa na waya, kisha washa transmita usikilize tena, ukiyumba zaidi ya mwanzo hamisha. Simu nayo ni hivyohivyo, iweke kwenye modi ya ndege au iache kwenye begi kambini, maana watu wanalalamikia hedifoni kumbe ni simu iliyoko mfukoni inatafuta mtandao wa minara ya mbali huko porini.

Na spika je?

Wengi wanaruka hili wakati huku kwetu lina uzito kuliko milisekunde zote. Hedifoni, ya waya au wayalesi, inaficha mlio. Ukiwa kwenye eneo lenye watu wengi, spika ikilia kila mtu anageuka, na wanaojua tofauti ya mlio wa msumari na mlio mzuri wataanza kupima karibu na miguu yako kabla hujamaliza kuchimba. Kwa mwenye mashine yake mwenyewe hedifoni ni usiri.

Ila kama mashine ni ya bosi na wewe ni wa kuishika kwa mgao, mwenye mali anataka spika, na simlaumu. Aliyevaa hedifoni anaweza akasikia kitu kizuri, akapita kama hakuna kitu, akaweka kijiti na kurudi usiku. Nimeona makubaliano yanavunjika kwa hisia tu za namna hiyo, hakuna aliyeiba wala nini, ila mmoja alikuwa anasikia na mwingine hasikii. Wayalesi inaweza kusaidia hapa kwa njia ambayo watengenezaji sidhani kama waliifikiria, kwenye GPZ kijisanduku cha WM12 kinaweza kukaa kwa mwenye mashine anayetembea jirani kikalia kwa spika, wote wanasikia. Kwa mashine nyingine kuna kigawanyio cha waya cha hedifoni mbili, mnatembea mmeunganishwa kama ng'ombe wa jembe lakini amani ipo.

Usalama nao. Ukiwa umeziba masikio yote mawili kwenye pori huwezi kusikia mtu anayekuja nyuma yako wala pikipiki. Wengi wanaachia sikio moja wazi, na mimi naona ni sawa kabisa, thresholdi inasikika kwa sikio moja ukishaizoea. Hedifoni yenye vikombe vinavyogeuka inakuwa na maana hapo.

Vitu vidogo ambavyo havimo kwenye boksi

Hedifoni zina sumaku na waya wa shaba ndani. Unapoinama kupima udongo, unachukua konzi moja moja unapitisha juu ya koili kutafuta punje iko kwenye konzi ipi, ukiwa na hedifoni shingoni zinaning'inia karibu na koili, mashine inalia kila konzi. Konzi ya kwanza inalia, ya pili inalia, unaanza kuhesabu hela, kumbe ni shingo yako. Zirudishe kichwani au zitupe mgongoni. Hii ni kwa zote, waya na wayalesi, na wayalesi ni mbaya zaidi kwa sababu zina betri ndani.

Mtoni na baharini redio haipiti kwenye maji, 2.4 GHz inakufa ndani ya sentimita chache. Mashine isiyopisha maji haimaanishi wayalesi yake inafanya kazi chini ya maji. Ukizamisha upande unaotuma unabaki kimya. SDC 2300 inaingia maji mpaka mita 3 na kwa kazi hiyo unatafuta hedifoni za waya zisizopisha maji. Ukisimama tu kwenye kijito maji ya magotini, koili iko chini na kichwa cha mashine kiko juu, wayalesi inaenda bila shida.

Kelele ya ghafla inaumiza, na ni ya kila siku maana vyuma vimejaa. Mashine nyingi zina seting ya kikomo cha sauti, kwenye GPZ ipo na kwenye GPX 5000 ipo, iguse kwanza kabla ya kununua hedifoni yenye kitufe chake cha sauti. Thresholdi iwe ndogo tu ya kusikika, kikomo kiwe chini.

Nikupe kwa mashine

GPX 4500 na 5000: baki na waya, nunua nzuri zaidi ukitaka, wayalesi ni anasa kwa sababu niliyoeleza ya kebo ya betri. GPZ 7000: tumia WM12, usiiache kwenye boksi kama wengine wanavyofanya kwa kuogopa itapotea, ifunge kamba. GPX 6000: ML100 zake, na kebo ya akiba mfukoni. Axiom: MS-3. Equinox 800: WM08 na waya mfupi ukiwa kwenye takataka nyingi, ML80 ukiwa kwenye eneo safi. Gold Monster: ni mashine nyepesi ya kutafuta punje ndogo kwenye vichaka, hapa transmita nzuri ya Low Latency ina maana kweli, maana waya kwenye kamashine kepesi ndo kitu pekee kinachokusumbua. SDC 2300: waya.

Kama bajeti yako inakuruhusu kitu kimoja tu kati ya wayalesi na koili ya pili, chukua koili. Hapo hata sifikirii.

Kuzipima kabla ya kulipa

Nenda na mashine yako dukani, usikubali kusimuliwa. Omba nje ya duka, mbali na bati na nyaya za umeme. Weka kitu kidogo chini, kipande cha risasi cha uzani wa kuvulia samaki kinafaa maana kinalia karibu na dhahabu kuliko sarafu. Vaa za waya kwanza. Peperusha koili kwa mwendo wako wa kawaida, na kila unaposikia mlio mwenzako aweke jiwe pale katikati ya koili ilipo, jiwe moja ukitoka kushoto, jingine ukitoka kulia. Kwa waya mawe yatakuwa karibu karibu. Sasa vaa wayalesi, mwendo uleule, mawe mengine mawili. Kama yameachana upana wa kiganja au chini ya hapo, nzuri. Kama yameachana karibu urefu wa unyayo, mrudishie mzigo wake hata kama boksi limeandikwa nini.

Kisha simama, usisogeze kitu, thresholdi iwe chini kabisa ya kusikika, kaa hivyo dakika tano nzima bila kupitisha koili juu ya chochote. Muuzaji atachoka, muache achoke. Sauti ikipotea yenyewe katikati ya hizo dakika, hizo ni za kusikilizia taarabu.